Tuliulize Tope la Ziwa, Si Maji Peke Yake



Barua moja niliyoipokea mwezi huu imetoka Bunda, kwa mzee aliyevua samaki katika Ghuba ya Speke tangu ujana wake mpaka nguvu zilipomwishia. Mzee huyo ananikaripia kwa adabu. Anasema kila mara redioni tunazungumza habari za sumu za machimbo, mara zebaki, mara risasi, ilhali yeye amekunywa maji ya ziwa hili maisha yake yote, na kila akichota anayaona maangavu. Anauliza: "Hizo sumu zenu, mwanangu, ziko wapi?"

Ni swali la haki, na wanaouliza hivyo ni wengi kuanzia Mugango hadi Kibara. Jibu lake kwa ufupi ni hili: sehemu kubwa ya sumu hizo haimo katika maji aliyoyachota. Imo katika tope, chini kabisa, mahali ambapo kibuyu chake hakifiki. Na jambo linalopaswa kutushughulisha sisi wa mkoa huu wa Mara si kwamba imo humo tu. La kutushughulisha zaidi ni kujua kitu gani kinaweza kuitoa humo.

Mama anayepika togwa anajua mashapo ni nini. Ni kile kinachozama chini ya mtungi unapoachwa utulie. Ziwa nalo ni mtungi. Kila masika mito yetu, Mara, Grumeti, Mori na vijito visivyo na jina, hubeba udongo wa milimani, majivu ya mashamba yaliyochomwa, takataka za mijini na vumbi la machimbo, ikavitua ziwani. Vikifika penye maji yaliyotulia, huzama taratibu, tabaka juu ya tabaka, mwaka juu ya mwaka.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake hakizidi mita 80 hivi. Maji yake mengi huingia kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengi hutoka kwa kugeuka mvuke. Mlango wa kutokea maji kwa mto ni mmoja tu, kule Jinja, Uganda, unapoanza Mto Nile. Maana yake ni nini? Maji huondoka na jua, lakini risasi haiondoki na jua. Shaba haigeuki wingu. Kinachoingia humu ndani, kwa sehemu kubwa, kinabaki humu.

Ninaposema metali nzito nina maana ya zebaki, risasi, shaba, zinki, kadimi na jamaa zake, pamoja na aseniki ambayo wataalamu huihesabu katika kundi hilo. Zikifika majini hazielei peke yake kwa muda mrefu. Hung'ang'ania chembe za udongo wa mfinyanzi, hung'ang'ania mabaki ya mimea iliyooza, na zaidi ya yote hung'ang'ania kutu ya chuma. Udongo mwekundu wa Butiama mnaoufahamu, ule unaochafua viatu na kanzu, rangi yake ni hiyo kutu. Udongo huo unapozama ziwani, huzama umekumbatia metali. Hivyo tope linatufanyia kazi kubwa bila mshahara. Ni ghala linalotunza sumu isitufikie.

Lakini kila ghala lina mlango, na mlango una funguo. Ghala hili lina funguo mbili.

Ufunguo wa kwanza ni tindikali, yaani uchachu mkali. Ukikamua ndimu katika sufuria ya alumini ukaiacha ilale humo, asubuhi utakuta sufuria ina mabaka na mchuzi una ladha ya bati. Uchachu umeila metali na kuiingiza katika mchuzi. Ndivyo inavyokuwa katika tope. Maji yakiwa machachu, tindikali huja kukalia nafasi ambazo metali zilikuwa zimeshikilia, na metali zikaachwa zielee. Wataalamu hupima jambo hili kwa kipimo kiitwacho pH. Maji yasiyo na uchachu wala magadi husimama kwenye 7, na ndimu hushuka karibu na 2. Kila unaposhuka namba moja, ukali umeongezeka mara 10. Ukishuka namba mbili, umeongezeka mara 100.

Wenzetu wa nchi za kaskazini walijifunza somo hili kwa gharama. Katika miaka ya 1960 na 1970, wavuvi wa Sweden na Norway waliona maziwa yao yakiwa maangavu kuliko zamani, mtu anaweza kuhesabu mawe ya chini. Waliyafurahia maji hayo mpaka walipogundua kwamba samaki wametoweka. Moshi wa makaa ya mawe kutoka viwanda vya Uingereza na nchi nyingine za Ulaya ulikuwa umepanda angani, ukachanganyika na mvua, ukawashukia wao kama tindikali. Tindikali hiyo iliyeyusha alumini iliyokuwa imelala salama katika udongo, na alumini ikaziba matamvua ya samaki wakashindwa kupumua. Huko Sudbury, Kanada, penye viwanda vya kuyeyusha madini ya nikeli na shaba, maziwa mengi yalipatwa na mkasa wa namna hiyo, tena mara mbili, kwa kuwa moshi uleule ulimwaga tindikali na metali kwa pamoja.

Hapo pana fumbo ambalo napenda mzee wangu wa Bunda alisikilize. Wanasayansi wanapotaka kujua historia ya ziwa, huchomeka bomba refu katika tope, wakatoa mche wa mashapo na kuukata vipande vipande. Kila kipande ni kama ukurasa wa daftari: cha juu ni cha jana, cha chini ni cha enzi za mababu. Katika baadhi ya maziwa yaliyoharibiwa na tindikali, kurasa za juu zilionyesha zinki na kadimi kidogo kuliko zile za chini yake. Asiyejua angeshangilia kwamba uchafu umepungua. Kumbe tope limeshindwa kuzishika, zimerudi majini kwa samaki. Ghala tupu siyo dalili ya kukosa mali. Huenda mwizi ameshapita.

Sasa turudi nyumbani. Ziwa Victoria halijawa chachu. Maji yake kwa kawaida husimama juu ya 7, yana magadi kidogo, na hiyo ni neema. Lakini tindikali haihitaji kushuka kutoka angani kama ya Ulaya. Yaweza kuzaliwa ardhini, katika miamba yenye dhahabu.

Katika miamba mingi ya dhahabu umo mawe ya rangi ya njano yanayong'aa, yaitwayo pairiti, ambayo yamewahadaa wachimbaji wengi wageni. Ni chuma kilichofungamana na salfa. Yakiwa chini ya ardhi, mbali na hewa, hayana neno. Lakini yakishachimbwa, yakasagwa kwenye karasha na kurundikwa nje, mvua na hewa huyageuza tindikali ya salfa, ileile iliyomo katika betri ya gari. Tindikali hiyo ikitiririka, huyeyusha shaba, zinki na nyinginezo zilizokuwa katika jiwe, ikaondoka nazo. Wala haikomi mgodi unapofungwa. Rundo la mawe haya laweza kutoa uchachu kwa miaka mingi baada ya mwenye mgodi kuondoka na dhahabu yake.

Mkoa wetu una marundo ya namna hiyo, ya zamani na ya sasa. Kiabakari ilichimbwa enzi za Waingereza. Buhemba nayo ilianza wakati wa ukoloni, ikafungwa, ikafufuliwa kama mgodi mkubwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikafungwa tena, na wachimbaji wadogo wanaendelea kuhangaika na marudio yake. Bunda kuna wachimbaji wadogo wa Kinyambwiga. Na kaskazini yetu, wilayani Tarime, upo mgodi mkubwa wa North Mara, ulioanza kazi mwaka 2002.

Wakazi wa Musoma wasiseme kwamba ya Tarime ni ya Tarime. Mto Tigithe unaopita karibu na mgodi huo huingia Mto Mara. Mto Mara hupita katika kinamasi kikubwa cha mafunjo, ukapita chini ya daraja la Kirumi, ukamwaga maji yake ziwani kwetu. Mwezi wa Mei 2009 maji yenye tindikali kutoka mgodini yalivuja yakaingia Tigithe. Wananchi walilalamika juu ya afya zao na mifugo yao. Kampuni ilisema wezi walikuwa wameiba utando wa plastiki uliotandikwa kuzuia maji yasipenye. Mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya kuvuja kwa bwawa la mabaki, na baadaye mwaka huohuo likazuia bwawa hilo lisitumike. Mabadiliko ya umiliki yamefuata tangu hapo, lakini maji hayaulizi nani anamiliki hisa.

Ufunguo wa pili hauna uhusiano na mgodi wowote, nao ni kukosekana kwa hewa. Nimesema kutu ya chuma ndiyo inayokumbatia metali. Kutu hiyo hudumu pale tu penye oksijeni. Mimea na kinyesi vikioza kwa wingi majini, vijidudu vinavyoviozesha hunywa oksijeni yote. Hapo kutu huyeyuka, na mzigo wake wote hulegea. Baadhi ya metali hunaswa tena na salfa iliyomo katika tope, lakini manganizi, chuma na aseniki hupata nafasi ya kupanda juu.

Tangu katikati ya karne iliyopita maji ya kina kirefu ya Ziwa Victoria yamezidi kukosa oksijeni kwa miezi kadhaa ya kila mwaka, kwa sababu mbolea, maji machafu ya miji na udongo uliomomonyoka vimelilisha ziwa kupita kiasi. Magugumaji yaliyotuingilia karibu na mwaka 1990 yaliongeza balaa, kwani yakifa huzama na kuoza.

Hapa lazima tukumbuke Machi 2022, pale maji ya Mto Mara yalipogeuka meusi na samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na Serikali ilieleza kwamba chanzo kilikuwa upungufu wa oksijeni uliotokana na kuoza kwa mimea na kinyesi cha mifugo, wala si kemikali za mgodi. Wengi hawakuridhika, na vijiweni watu walicheka. Mimi leo sikusudii kubishana na kamati. Ninachosema ni kwamba tulikosea kudhani swali ni moja tu, ama kinyesi ama kemikali. Oksijeni inapokwisha, mlango wa ghala unafunguka. Kwa hiyo jambo la kudai kila mara mto unapokuwa mweusi ni kwamba tope lipimwe pia, si maji ya juu peke yake, maana maji ya juu yatakuwa yamekwenda zake ndani ya wiki moja, na tope litabaki.

Nimeacha zebaki mpaka mwisho kwa sababu tabia yake ni mbaya kuliko za wenzake. Mchimbaji mdogo huitumia kunasa dhahabu. Huichanganya na unga wa mawe, zebaki na dhahabu vikashikana, kisha huchoma donge hilo. Zebaki hupaa na dhahabu hubaki. Kwa kila gramu ya dhahabu hutumika kwa kawaida gramu moja hadi mbili za zebaki, wakati mwingine zaidi. Nimekwenda kwenye machimbo ya mkoa huu na kinasa sauti changu, nikamwona kijana akichoma donge lake katika kikaango juu ya mkaa, hatua chache kutoka pale mkewe alipokuwa anapika uji wa mtoto. Nilipomuuliza kama anajua habari ya mvuke ule, alinijibu kwamba anajua, ila njaa ya leo haingoji ugonjwa wa kesho. Jibu hilo sijalipatia majibu ya haraka.

Zebaki ikifika katika tope lisilo na hewa, kama lile la vinamasi, vijidudu huigeuza kuwa zebaki ya namna nyingine, ambayo mwili huinyonya kwa wepesi na kuachana nayo kwa shida. Ikitoka katika vijidudu huingia kwa vijimea, kutoka vijimea kwa dagaa na furu, kutoka hao kwa sangara. Kila anayekula mwenzake hurithi deni lote. Ndiyo maana sangara mkubwa huwa na zebaki nyingi kuliko dagaa, na mtoto aliye tumboni mwa mama ndiye hudhurika zaidi. Huko Sweden waligundua kwamba maziwa yaliyokuwa machachu yalikuwa na samaki wenye zebaki nyingi zaidi, hata yale ambayo hakuna mtu aliyeyamwagia zebaki moja kwa moja. Ilifika kwa upepo na mvua.

Je, tuache kula samaki? Hapana, wala asitokee mtu kusema nimewaambia hivyo. Uchunguzi uliofanywa na wataalamu wa Tanzania na Japani katika maeneo ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, kuanzia miaka ya 1990, ulikuta kwamba samaki wengi walikuwa na zebaki chini ya kiwango kinachokubalika kimataifa. Sababu mojawapo ni ule udongo wetu mwekundu unaoishika zebaki isisambae. Lakini uchunguzi wa mashapo katika Ghuba ya Mwanza, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha metali nyingi zaidi karibu na mji, mahali ambapo Mto Mirongo huleta uchafu wake. Habari hizo mbili hazipingani. Zinasema kitu kimoja: tope limetukinga mpaka sasa, na mzigo wake unazidi pale tunapoishi wengi.

Anayetaka kujua bei ya kuchelewa akawaulize watu wa Minamata, Japani. Kiwanda cha kemikali kilimwaga zebaki katika ghuba yao, na mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu wa mishipa ya fahamu ukatambuliwa rasmi. Hata paka waliokula samaki waliruka kama wenye wazimu. Kufungwa kwa bomba la kiwanda hakukumaliza kazi, kwa sababu tope lilikuwa limekwisha kujaa. Kati ya mwaka 1977 na 1990 Wajapani walichota na kufukia mashapo yapatayo mita za ujazo milioni moja na nusu, kwa gharama ya yeni bilioni 48 hivi. Wao walikuwa na fedha hizo, na ghuba yao ni ndogo. Sisi tutalichota Ziwa Victoria kwa ndoo gani?

Kwa hiyo hatuna budi kuilinda milango. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na kuridhia ni hatua ya kwanza tu. Mchimbaji mdogo apatiwe chombo kilichofungwa cha kunasa mvuke wa zebaki, kwa bei anayoimudu, na afundishwe kukitumia. Kumfukuza hakusaidii, maana atahamia korongo jingine. Marundo ya Buhemba na Kiabakari yapimwe uchachu, na pale penye haja yafunikwe kwa udongo na kutiwa chokaa, ambayo hupooza tindikali. Mafunjo ya kinamasi cha Mto Mara yasichomwe wala kugeuzwa shamba, kwa sababu ndiyo chujio la mwisho kabla ya ziwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Madiwani wetu wanaifahamu sheria hiyo. Na wavuvi wa dagaa, ambao zamani walitumia karabai na sasa wengi wanatumia taa za betri, wasiitupe betri mbovu majini. Ndani yake zimo risasi na tindikali pamoja, yaani sumu na ufunguo wake katika boksi moja.

Nawaomba pia wahusika wa maji. Maji wanayokunywa watu wa Kiabakari na Butiama huchotwa ziwani, huko Mugango, na sisi wa Musoma tunakunywa ziwa hilihili. Vipimo vya maji vinavyofanywa ni vya lazima na viendelee. Lakini mara moja kwa mwaka na tope la karibu na machoteo na la mdomo wa Mto Mara lipimwe, majibu yakabandikwa ofisi ya kata kwa Kiswahili ambacho mwananchi anakielewa.

Wachimbaji wetu hutumia neno mwalo kwa mahali wanapooshea dhahabu, na wavuvi wetu hutumia neno hilohilo kwa mahali wanapotua samaki. Lugha imeona jambo ambalo ofisi zetu, moja ya madini na nyingine ya uvuvi, bado zinaliona kama mawili. Kinachooshwa katika mwalo wa juu, siku moja kitatua katika mwalo wa chini.